Pak Lurah Alipojiuzulu kwa Adabu

Mkokoteni wa kahawa na vitafunio wa Yu Jumirah hufunguliwa saa kumi alasiri, kwenye kona ya nyuma ya duka la fotokopi hapa Yogyakarta, na benchi lake hujaa kabla maji ya birika hayajachemka. Hapa dada huitwa Yu au Mbak, kaka ni Mas, na mzee ni Pak. Upande wa ukutani hukaa Pak Handaka, fundi wa redio mstaafu, ambaye benchi zima linamwita Pak Lurah, yaani mkuu wa kijiji, ingawa hajawahi kuongoza kijiji chochote. Anachoongoza, au alichokuwa akiongoza hadi adhuhuri ya Alhamisi hiyo, ni Kentongan: programu ya kompyuta inayofuatilia vipimo vya maji kwenye mito inayoteremka kutoka mlima Merapi. Mto ukijaa matope ya volkano, programu inapiga simu na kuviliza vipaza sauti katika vijiji vya chini. Aliianzisha mwenyewe, akaiweka wazi mtandaoni ili yeyote aisome, ainakili na kuirekebisha bure. Lakini ufunguo, ile saini ya siri ambayo bila hiyo mitambo ya vijijini haipokei toleo jipya, aliushika peke yake miaka yote. Alhamisi hiyo mawingu yalikuwa yamekaa kaskazini, toleo jipya lilikuwa tayari, na Pak Lurah hakuwa na ufunguo.

Aliyeanza ni Gembus, fundi wa vipaza sauti vya harusi. Hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, na ndiye anayeizungumzia kuliko wote.

GEMBUS: Yu, kahawa, na kaa lake liwe limewaka vizuri. Nasikia kuna mapinduzi.

YU JUMIRAH: Wapi tena?

GEMBUS: Hapa hapa. Huyu mzee kapinduliwa mchana kweupe, na bado anakula tempe yake ya soya kama hakuna kitu.

PAK LURAH: Sikupinduliwa. Nilijiuzulu.

GEMBUS: Kwa nini sasa?

PAK LURAH: Kwa adabu.

Yu Jumirah akatumbukiza kaa la moto kwenye glasi. Kahawa ikachemka, ikatulia. Akamsogezea Gembus, kisha akamtazama kijana wa katikati ya benchi, mwenye kompyuta mapajani. Huyo ni Bagaskara. Tunamwita Koma, kwa sababu huko kwenye mradi amewahi kumrudishia mtu kazi ya mwezi mzima kwa kukosa koma moja.

YU JUMIRAH: Koma, nieleze wewe. Na uniambie kama unavyomweleza mama yako.

KOMA: Mradi wetu una katiba, Yu. Niliitafsiri mimi, kutoka mradi mmoja wa watu wa ng'ambo.

GEMBUS: Naam, ndo hapo tulipoibiwa.

KOMA: Tulia, Mas. Katiba inasema hivi: mwenye pendekezo aliandike kwenye ukurasa wa mjadala. Likikaa wiki nzima hakuna aliyelipinga, limepita. Hakuna kupiga kura, hakuna mikutano. Wenyewe wanasema inaokoa muda.

YU JUMIRAH: Yaani kimya ni ndiyo?

KOMA: Kule kwao, ndiyo.

YU JUMIRAH: Na hapa kwetu?

Koma akachukua glasi. Akanywa maji.

GEMBUS: Hapa kwetu kimya ni "sitaki, lakini nakuheshimu". Hata mbuzi wa Bantul anajua.

KOMA: Basi wiki iliyopita Pak Lurah aliandika pendekezo. Nisome?

PAK LURAH: Usisome.

GEMBUS: Soma!

Koma akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba:

"Kwa kuwa umri wangu umesogea na akili yangu si nyepesi tena, na kwa kuwa wako wenzangu wengi wenye uwezo unaonizidi, huenda ikapendeza niuweke chini ulezi wa Kentongan pamoja na ufunguo wake, ikiwa wenzangu mtaona inafaa."

Gembus aliweka glasi chini ili acheke vizuri.

GEMBUS: Pak, hiyo si barua ya kujiuzulu! Hiyo ni namna ya kukataa kipande cha pili cha kuku ukweni!

PAK LURAH: Ndiyo hiyo hiyo.

GEMBUS: Unasema "nimeshiba, nimeshiba", huku jicho liko kwenye paja.

PAK LURAH: Na mwenyeji anatakiwa aisukume sahani. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ndiyo unakubali. Nani hajui hilo?

YU JUMIRAH: Na hao wenyeji ni akina nani?

Pak Lurah alimtazama Koma. Kisha akamtazama Wening, ambaye alikuwa mwisho wa benchi na chai yake ya tangawizi. Mbak Wening hufundisha hisabati sekondari. Kwa miaka miwili sasa, ukifungua kumbukumbu za Kentongan, marekebisho mengi yana jina lake. Benchini huongea kidogo.

WENING: Pak, niwie radhi. Ningeandika "usiondoke", ningekuwa namwamuru mtu wa rika la baba yangu. Ningeandika "sawa", ningeonekana nakitamani kiti chako. Nikafuta yote mawili, nikanyamaza.

PAK LURAH: Uliandika, ukafuta?

WENING: Mara nyingi tu.

GEMBUS: Na wewe Koma?

KOMA: Mimi nilinyamaza kwa sababu Mbak Wening alinyamaza. Nikajua ana sababu.

GEMBUS: Na wale wachangiaji wenu wa Malang?

KOMA: Walidhani sisi wa Yogya tumeshazungumza kwa siri tukamaliza.

GEMBUS: Na yule wa Makassar?

KOMA: Alinitumia ujumbe wa pembeni kuniuliza kama Pak Lurah anaumwa. Kwenye ukurasa hakuandika kitu, asije akamwaibisha.

GEMBUS: Watu wote hao, na hakuna hata mmoja wa kuandika "Pak, acha utani"?

KOMA: Wa Penang aliweka alama ya kulia machozi. Karani haitambui.

YU JUMIRAH: Karani ndiye nani tena?

Hapo Koma alijikuna shingo. Ilibidi aeleze kwamba Karani si mtu. Ni programu ndogo aliyoiandika yeye mwenyewe, mwaka jana, ili isimamie katiba bila upendeleo. Hufungua mijadala, huhesabu siku, hufunga mijadala, hutekeleza. Adhuhuri ya siku ile ilikuta pendekezo la Pak Lurah limetimiza wiki bila pingamizi. Ikaandika "limepita, asante kwa utumishi wako", ikaufuta ufunguo wake.

YU JUMIRAH: Ikampa nani?

KOMA: Hakuna. Pendekezo halikutaja mrithi.

YU JUMIRAH: Yaani mzee katoka, mlango ukajifunga, na ufunguo umebaki ndani.

KOMA: Ni kama hivyo, Yu.

PAK LURAH: Na toleo jipya liko ndani pia. Mto Wungu wamebadilisha kipimo mwezi uliopita, kile cha juu kabisa. Mitambo ya zamani haikisomi. Mbak Wening ametengeneza, Koma amekagua, bado saini tu. Mvua ikinyesha huko juu kabla toleo halijatoka, vijiji vya Wungu vitaona kwenye skrini kwamba mto umelala.

Gembus aliacha kucheka. Akatazama kaskazini, na wengine wakatazama.

Kilichofuata ni kile kinachofuata kila mara benchi hilo likiogopa: watu walianza kuwa na nadharia.

GEMBUS: Mimi naona mkono wa mtu. Ile kampuni ya bima ya Jakarta iliyowaandikia mwezi uliopita, si walisema wako tayari kuichukua Kentongan, waitunze, waipe ofisi?

KOMA: Walisema. Walitaka pia wateja wao wapigiwe simu kwanza.

GEMBUS: Ehee! Sasa angalia. Wanataka kiti, kiti kinakuwa wazi. Hiyo bahati? Wamemhonga Karani.

KOMA: Karani ni programu, Mas.

GEMBUS: Ndo rahisi zaidi. Hana mke wa kumuuliza kapata wapi.

PAK LURAH: Hakuna aliyehongwa. Nimejifungia nje mwenyewe.

GEMBUS: Basi si mfanye kama wenye miradi wengine? Wewe Koma ulishasema kuna namna nyingi.

KOMA: Ziko. Kuna miradi ambayo mwanzilishi ni mfalme maisha yake yote. Mfalme mpole, lakini neno lake ndio mwisho.

GEMBUS: Hapa Yogya nafasi hiyo ina mwenyewe, Sultani. Endelea.

KOMA: Kuna inayoundiwa taasisi: bodi, mwenyekiti, kanuni, wanachama wanachagua.

PAK LURAH: Tulijaribu bodi. Mkutano wa kwanza uliisha bila mtu kukaa kiti cha mbele.

KOMA: Halafu kuna kujitenga. Hii ipo kwa kila programu huria. Msikubaliane, yeyote ananakili kila kitu, anaanzisha wake kwa jina jingine. Wa Malang wanaweza kufanya hivyo leo jioni wakitaka.

GEMBUS: Subiri. Kila mmoja anaondoka na kitu chote? Hakigawanywi?

KOMA: Chote.

GEMBUS: Duh! Ni talaka ambayo kila mmoja anaondoka na nyumba nzima! Kwa nini watu hawaachani kila siku?

YU JUMIRAH: Na watoto?

Koma alimgeukia Wening.

WENING: Watoto ni vijiji, Yu. Hawanakiliki. Vipaza sauti viwili vikilia tofauti, kimoja kinasema kimbia na kingine kinasema lala, mtu wa kando ya mto atakifuata kipi?

YU JUMIRAH: Basi msiachane.

Gembus alimega tempe, akaionyesha angani kama fimbo ya mwalimu.

GEMBUS: Nimepata. Upatu. Kama ule wa wake zetu wa kila mwezi. Majina yote ya waliowahi kuchangia yanawekwa kwenye glasi, linatolewa moja, huyo anashika ufunguo mwezi huo. Mwezi ujao mwingine. Hakuna wa kuona haya, glasi ndiyo imesema.

KOMA: Mas, kuna mtu kwenye orodha yetu alichangia herufi moja. Alisahihisha jina la kijiji chake, hatujamwona tena.

GEMBUS: Mwezi wake ukifika atarudi.

KOMA: Na mto ukijaa mwezi wake?

GEMBUS: Basi zamu za ulinzi! Kama sungusungu wa mtaa. Jumatatu fulani, Jumanne fulani. Asiyefika analeta karanga.

PAK LURAH: Zamu ya ulinzi ya mtaa huu mwaka jana, Gembus, nani alikutwa amelala ndani ya kibanda, na kibanda kimefungwa kwa nje?

GEMBUS: Hilo ni suala la kifamilia. Sikilizeni hii. Hesabu za siku ya kuzaliwa. Unachukua siku ya wiki na siku ya soko, kila moja na namba yake, unajumlisha, kama tunavyofanya kwa maharusi. Mnatafuta mtu ambaye namba yake inapatana na mto.

WENING: Mto umezaliwa lini, Mas?

GEMBUS: Siku mlipoweka kipimo cha kwanza. Msinichekee! Watu wanaoa kwa hesabu hiyo na wanazeeka pamoja.

KOMA: Wewe na mkeo mlihesabu?

GEMBUS: Hatukupatana hata kidogo. Ndiyo maana nalijua somo. Basi ya mwisho, na hii ndiyo kubwa: mpeni Karani ufunguo. Hachoki, hali, haoni haya. Mkimpa cheo hatasema "aa, mimi sifai". Atakaa tu.

Wazo hilo halikuwa la kijinga kiasi walichotaka. Aliyelikataa ni Koma, baba yake Karani.

KOMA: Hapana. Leo kaona watu wote wako kimya, akadhani wameridhika. Simwachii mto.

Ndipo Wening alipokumbusha kwamba kuna ibara ya dharura. Wachangiaji watatu wa siku nyingi wakikubaliana, wanaweza kumteua mlezi wa muda hapo hapo, bila kusubiri wiki. Watatu hao walikuwa benchini: Koma, yeye, na Pak Lurah, ambaye alipoteza ufunguo lakini hakupoteza uanachama. Sharti ni moja. Anayetajwa lazima aandike "nakubali".

GEMBUS: Kumbe! Tunahangaika nini? Mtajeni mtu.

KOMA: Mbak Wening, shika wewe.

WENING: Aa, Mas, mimi sifai. Bado najifunza. Wewe ndiye unayeijua katiba.

KOMA: Mimi? Mimi wa koma tu, Mbak. Watu wataukimbia mradi. Arudi Pak Lurah.

PAK LURAH: Nirudi vipi? Nimeagwa na mashine adhuhuri, jioni nimerudi kiti hakijapoa? Watu watasema nilikuwa nawapima. Shika wewe, Koma.

KOMA: Sifai, Pak. Mbak Wening.

WENING: Pak Lurah.

PAK LURAH: Koma.

Walizunguka hivyo raundi nzima, kisha wakaanza nyingine, kila mmoja akiinamisha kichwa zaidi ya mwenzake. Yu Jumirah alikuwa akigeuza mishikaki ya mayai ya kware juu ya makaa. Akaweka koleo chini.

YU JUMIRAH: Nimeona watu wakipigana wakalie kiti. Wa kupigana wasikikalie, hii mpya.

GEMBUS: Na mvua inawasikiliza.

YU JUMIRAH: Pak Lurah, nikuulize kitu, na usinijibu kwa lugha ya barua. Ulitaka kutoka au hukutaka?

Pak Lurah alifuta vidole kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa wali.

PAK LURAH: Yu, kila mvua ikinyesha mimi silali. Simu nailaza kifuani. Mke wangu alihamia chumba cha watoto tangu msimu wa juzi, anasema analala na mto Wungu, halali na mume. Nimechoka. Hilo moja.

YU JUMIRAH: La pili?

PAK LURAH: La pili, nilitaka mtu mmoja aandike "usiende".

Wening alikuwa anatazama chai yake.

WENING: Niliandika hivyo, Pak. Ndiyo mojawapo ya nilizofuta.

PAK LURAH: Ungeiacha, mwanangu.

WENING: Ningeiacha, usingelala tena msimu mzima.

Pikipiki ilisimama kando ya mkokoteni. Mtu aliyeshuka alikuwa amevaa koti la mvua lililolowa mabegani, wakati barabara ya hapo ilikuwa kavu. Akavua kofia, akainama kidogo mbele ya kila aliyekuwa benchini, akaomba chai ya moto. Alikuwa na betri mpya kwenye mfuko wa plastiki.

— Samahani. Nimeambiwa wenye Kentongan wanakaa hapa. Pak Handaka ni yupi? Sauti naijua, sura siijui.

PAK LURAH: Jiyono?

— Ndiye mimi, Pak. Wa Ngelo, juu kule.

Walisalimiana kwa mikono miwili. Pak Jiyono ndiye anayekitazama kipimo cha juu cha Wungu. Kwa miaka yote walikuwa wakizungumza kwa simu, usiku mwingi kuliko mchana, na hawakuwahi kuonana. Pak Lurah alimpisha nafasi. Jiyono alikaa ukingoni, kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

JIYONO: Nimekuja kununua betri. Nikasema nipite niulize. Kule kumeshaanza, Pak. Si kubwa, lakini imeanza. Nikitazama kipimo kwa macho kinapanda, nikitazama simu mto umelala. Mlisema toleo jipya ni leo.

PAK LURAH: Tulisema.

JIYONO: Sina haraka nalo, mtajua wenyewe. Ninachouliza ni kimoja tu. Nikipiga simu usiku wa leo, nani atapokea?

Koma alitazama skrini. Gembus, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu tangu saa kumi, alitazama glasi. Pak Lurah alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na ukimjua ungejua anachotaka kusema: kwamba atapokea yeye, kama siku zote. Wening alimwona anavuta pumzi.

WENING: Mimi.

Wote waligeuka.

WENING: Nitapokea mimi. Mas Koma, andika jina langu. Nakubali.

GEMBUS: Mbak! Hujakataa hata mara moja!

WENING: Nilikataa raundi mbili nzima, Mas, hukuwa unasikiliza?

GEMBUS: Zile zilikuwa za awali! Yaani unajitaja mwenyewe? Mbele ya wazee?

WENING: Ndiyo.

GEMBUS: Na kura ya tatu ni yako? Umejipigia?

WENING: Nimejipigia.

GEMBUS: Yu, nipe mshikaki. Nimeishi nimeona.

Koma alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika jina, akaweka saini yake, akaweka ya Wening. Kisha akaigeuza kompyuta kwa Pak Lurah. Mzee aliitazama. Uso wake ulikuwa na mambo mawili, huzuni na nafuu, na hakujaribu kuficha hata moja.

PAK LURAH: Ungenisukumia sahani mara moja tu.

WENING: Pak, usiondoke.

PAK LURAH: Asante. Nimeshiba.

Akatia saini. Karani ilifikiri kidogo, au ilifanya kile inachofanya, kisha ikaandika kwamba mlezi wa muda amepatikana. Wening akachukua kompyuta yake mkobani, akalisaini toleo. Simu ya Jiyono ikatoa mlio mfupi. Aliitazama, akaionyesha benchi zima: mstari wa mto Wungu, ambao ulikuwa umelala tangu asubuhi, ulikuwa umeinuka. Si sana. Kiasi cha mvua iliyokuwa inanyesha.

GEMBUS: Imesoma!

JIYONO: Imesoma. Ndivyo ulivyo kweli.

Yu Jumirah aliwaongezea wote kahawa bila kuulizwa. Gembus alitoa hotuba fupi ya pongezi ambamo upatu, sungusungu na siku ya kuzaliwa ya mto vyote vilitajwa kuwa ndivyo vilivyoandaa ushindi. Pak Lurah alimwandikia Wening namba za wazee wa vijiji kwenye simu, moja baada ya nyingine, akieleza yupi ni kiziwi wa sikio lipi na simu ya yupi hupokewa na mkewe.

WENING: Na ile ibara ya kimya tunaifuta, Mas Koma. Kuanzia sasa kila mtu aandike ndiyo au hapana.

KOMA: Mbak, hakuna atakayeandika hapana. Unawajua watu wetu.

WENING: Basi tuweke na "labda".

PAK LURAH: Labda ni hapana.

WENING: Najua. Karani naye afundishwe.

Koma alicheka, akaanza kuiandika. Jiyono alikuwa amemaliza chai. Alisimama, akafunga koti, akauliza namba ya Wening, akaiingiza. Kisha, kidole kikiwa bado juu ya simu, akasita.

JIYONO: Samahani, Mbak. Mimi si mtu wa kompyuta, msinicheke. Pak Handaka alichoka, na hatukujua. Sisi tulikuwa tunapiga tu. Sasa wewe ukichoka, tutajuaje?

Koma aliandika kwenye rasimu ya katiba "Mlezi akichoka", akaweka koma, na baada ya koma hakukuwa na kitu. Gembus akafungua mdomo.

YU JUMIRAH: Gembus, usijaribu.

Macho yote yakaenda upande wa ukutani.

PAK LURAH: Msinitazame mimi. Mimi nilipochoka niliandika sentensi ndefu kuliko mto, na humo ndani neno "nimechoka" halimo.